Kuni za Matanga

"Usinifuate, Katsuva."

"Nitakufuata."

"Nimesema usinifuate! Unga unakudondoka kama gunia lililotoboka. Watu wanatuangalia."

Watu wenyewe walikuwa wachache. Muda mfupi kabla ya hapo bulvari, barabara kuu ya mji wetu, ilikuwa imejaa waumini waliotoka misa, akina mama na vitenge vyao vya Jumapili, wanaume wakisalimiana, watoto wakililia biskuti. Sasa ilikuwa tupu. Maduka yalikuwa yamefungwa kwa ndani. Sandali za kike zilitapakaa njiani, kila moja bila mwenzake, na kitabu cha nyimbo kilikuwa kinajifunua chenyewe kwa upepo, hakuna wa kukiokota.

Nyuma yangu alikuwa mwanaume niliyempenda kuliko chochote katika Ituri hii, amejipaka unga wa muhogo toka nywele hadi kucha. Mbele yangu hapakuwa na mtu. Mama yangu alikuwa amepotea.

"Emerance, nisikilize hata kidogo."

"Nisikilize nini? Mulilala barabarani! Mulijifunika mashuka meupe, mukajipanga mistari kama maiti, hapa Bunia! Siyo Ulaya, Katsuva. Bunia! Ulifikiri watu wakitoka kanisani wakaona vile watafanya nini? Watapiga makofi?"

"Tulikuwa na bango. Tuliandika kwa herufi kubwa..."

"Nani anasomaka bango akiona maiti?"

Nilisikia tu sandali zake nyuma yangu, na mimi nilizidi kutembea, nikichungulia kila kona, kila mtaro, nyuma ya kila kibanda. "Mama! Mama Françoise!" Mbwa mmoja tu alinitazama na kulala tena.

"Tuliona picha," Katsuva alisema, sauti imeshuka. "Kule ng'ambo wanafanyaka vile kila mwaka, tarehe sita ya mwezi wa nane. Wanalala chini kimya kuwakumbuka wale waliounguzwa na bomu. Hawatupi jiwe. Hawatukani mutu. Nilifikiri ni njia nzuri, njia ya amani."

"Hao wa kwenye picha, barabara yao haiwakumbushi kitu. Ya kwetu inakumbuka."

Nilisema hivyo nikageuka, na hilo lilikuwa kosa, maana niliyaona macho yake. Katikati ya weupe ule wote yalikuwa mekundu, na yalikuwa yananiangalia vilevile yalivyoniangalia siku ya kwanza, nilipompelekea kibandani kwake, anapotengeneza redio, ile ya mama iliyokuwa inakoroma. Aliifungua, akaisikiliza kama daktari, akaniambia, "Dada, redio yako haina ugonjwa. Imechoka tu na habari." Nilicheka njia nzima hadi kwetu Mudzipela. Kesho yake nikaivunja kitufe makusudi.

Kilichomfanya ajipake unga kilianzia hukohuko redioni. Siku moja alisikia kwamba jiwe la urani lililotumika kutengeneza bomu la kwanza la atomiki, lile lililochoma mji mzima wa watu kule Japani, lilitoka katika ardhi yetu, Shinkolobwe, kule Katanga. Babu zetu walilichimba na kulibeba kwa mikono, na hakuna mzungu aliyewaambia wanabeba nini. Aliponieleza nilikasirika hata mimi. Nimekaa darasani miaka na miaka, nikakaririshwa mito ya Ubelgiji, na jina la Shinkolobwe sikuwahi kulisikia kwa mwalimu. Walichukua jiwe, wakachukua na habari yake.

Mwaka huo mataifa yalikuwa yameandika mkataba wa kukataza mabomu hayo, na Katsuva na wenzake walitaka nchi yetu itie sahihi. Watu waliwacheka. Uchaguzi ulikuwa umecheleweshwa, mji umejaa minong'ono, mikutano imekatazwa, na yeye anazunguka sokoni kuwaambia wauza samaki habari za atomiki! Walimbandika jina, Bwana Atomi. Akipita wanamwita, "Bwana Atomi, bomu lako linauzwa kilo bei gani?" Naye anasimama, anacheka nao, halafu anawaeleza tena toka mwanzo.

Nilimpenda kwa hilo. Na ni kwa hilohilo mama yangu hakumtaka.

Ndugu zangu walisema mengine. Walisema hana ng'ombe, ni mtoto wa watu wa duka, wamekuja juzi kutoka Butembo, leo wako Bunia na kesho Kampala. Mama alikuwa na lake. "Niliolewa na mwanaume ambaye barabara ikimwita anaitika," alisema, "na inatosha. Sitampa mutoto wangu mwingine wa namna ile."

Mwanaume huyo alikuwa baba yangu, Constant. Mwaka wa vita alitoka nyumbani ameshika foronya nyeupe kwenye fimbo, kwenda kuwaomba wapiganaji wawaache majirani wapite. Mama alimkuta kwenye bulvari hiihii, amelala, mtu mwema amemfunika shuka. Hatukupata hata kumkalia matanga. Siku hiyohiyo tulikimbia.

Kwa hiyo mnaelewa mama aliona nini Jumapili ile alipotoka misa.

"Mama alipiga kelele," nilimwambia Katsuva. "Alisema, 'Wameanza tena!' Halafu watu wote wakasema vile, wakaanza kukimbia. Nilikuwa nimemushika mukono. Mukono ukanitoka."

"Emerance..."

"Usiniguse."

Hakunigusa. Alisimama pale na mikono yake imening'inia, mweupe kama mtu aliyechongwa kwa chokaa. Ndipo tukasikia pikipiki.

Alikuwa kaka yangu Bruno. Aliiachia pikipiki ikaanguka yenyewe, akaja mbio, na kabla sijasema kitu alimpiga Katsuva kofi ambalo lilirusha unga hewani, wingu zima.

"Bwana Atomi!" alifoka. "Umefurahi? Mama yetu iko wapi?"

"Sijui, yaya. Tunamutafuta."

"Usiniite yaya! Mimi si kaka yako. Rudisha kofi!"

"Sirudishi."

"Unaogopa!"

"Naogopa, ndiyo. Mukono wako ni muzito." Alijipangusa mdomo, unga ukachanganyika na damu kidogo. "Tumutafute mama kwanza. Tukimupata utamalizia. Kibanda changu unakijua, sitahama."

Bruno aliuangalia mkono wake uliokuwa mweupe sasa. Aliupangusa kwenye suruali, suruali ikawa nyeupe pia.

"Na mama yako?" alisema mwishowe, kwa ukali uleule lakini chini kidogo. "Unamutafuta huyo pia, ama wa kwetu tu?"

"Mama yangu ameenda Bambu kwa dada yake."

"Hajaenda. Nimepita dukani kwenu. Majirani wanasema Mama Musoki alikosa gari, akaja bulvari kununua mboga. Alikuona, Katsuva. Alikuona umelala chini, mweupe vile. Alipiga yowe moja akakimbia. Tangu hapo hajaonekana."

Nimeona watu wakipokea habari mbaya. Mji wetu umetufundisha sura hizo zote. Lakini sijawahi kuona uso ukianguka chini ya unga. Katsuva alikaa palepale njiani, akashika kichwa.

"Anafikiri nimekufa," alisema. "Emerance, mama anafikiri nimekufa."

Nilikuwa na hasira bado. Nilikuwa nimeipanga yote vizuri, maneno ya kumwambia kwamba imekwisha, asije tena Mudzipela, achukue na redio. Lakini mkono wangu ulishika ncha ya kitenge changu, ukailowesha mate kama mama anavyomfanyia mtoto, ukaanza kumpangusa unga kando ya macho. Alinishika kidole kimoja tu, akakibana.

"Nikiwa nimemuua kwa hofu..."

"Nyamaza. Simama. Wote walikimbilia upande wa uwanja wa ndege, kama mwaka ule. Bruno, enda kule na pikipiki."

"Na weye?"

Nilikuwa nimekumbuka kitu. Mwaka wa vita, kabla ya kambi, kabla ya mahema, mama alikuwa ametusukuma mimi na Bruno ndani ya tanuru la matofali kule bondeni, karibu na mto Nyamukau. Tulikaa katika lile tundu wanaloingizia kuni, tumejikunja, mama amelala mlangoni.

"Naenda matanuruni," nilisema.

Bruno aliniangalia. Alikumbuka naye. Aliiinua pikipiki yake, akaiwasha.

Tulishuka bondeni tukishikana mikono kwa sababu ya utelezi, na baada ya utelezi kwisha hatukuachiana. Mafundi wa matofali hawakuwepo, Jumapili. Matofali mabichi yalikuwa yamepangwa chini ya majani makavu ya migomba, na matanuru mawili yalisimama bila moto. Nyuma ya tanuru la pili tulisikia mwanamke analia, na mwingine anambembeleza. Sauti ya pili niliijua kabla sijasikia neno lolote.

Mama alikuwa hai.

Nilitaka kukimbia kwake, lakini Katsuva alinizuia kwa mkono, maana tulisikia jina lake.

"Mutoto wangu Katsuva! Wa kiume njo huyo peke yake!"

"Lia, mama. Lia, dada yangu. Mimi najua kilio hicho."

"Asubuhi alikunywa chai. Nikamugombeza, nikamwambia anamaliza sukari!"

"Alikuwa mutoto muzuri, mama. Nilimuonaka. Akipita kwangu anasalimia na kichwa chini. Hata mutoto wangu wa kuzaa hanisalimii vile. Na mimi... eh, Mungu wangu. Mimi nilimunyang'anya shoka!"

Katsuva aligeuka akaniangalia. Tulikuwa tunakumbuka siku moja.

Mwaka uliotangulia alikufa mjomba wangu. Katika ukoo wetu, moto wa matanga una wenyewe. Watoto wa marehemu wanakaa chini na kulia, wanawake wanakaa kwenye mikeka, na wakwe ndio wanaopasua kuni na kuchunga moto usizimike mpaka matanga yaishe. Katsuva alikuja kutupa pole. Aliona kuni hazijapasuliwa, akavua koti, akashika shoka kwa moyo safi. Mama alinyanyuka kwenye mkeka, akamfuata mbele ya watu wote, akalichukua shoka mkononi mwake. "Kuni za hapa zinapasuliwa na wakwe. Weye ni nani?" Katsuva alisema, "Samahani, mama," akaenda kukaa nyuma kabisa, pamoja na wapita njia. Siku hiyo nililia kuliko watoto wa marehemu.

Sasa mama huyohuyo alikuwa anajipiga kifua nyuma ya tanuru.

"Mbele ya watu! Nilimunyang'anya mbele ya watu! Mungu angemurudisha leo, mama, ningemupa kuni zote za Mudzipela apasue. Zote!"

Nilibana mdomo wangu kwa mikono miwili. Sikujua kama ninalia au ninacheka. Katsuva hakuweza kungoja zaidi. Alizunguka tanuru.

"Mama," alisema.

Jamani. Fikirieni wanawake wawili waliojificha bondeni wakimlilia marehemu, na marehemu anatokea, mweupe pia.

Yowe lililotoka pale naamini lilisikika Irumu. Mama Musoki alirudi nyuma mpaka akakalia matofali mabichi. Mama yangu alisimama mbele yake, akaokota tofali, akaliinua juu.

"Kwa jina la Yesu, simama pale! Kama weye ni mutu, taja jina la mama yako!"

"Musoki. Njo huyo iko nyuma yako, mama."

"Taja jina la..." Tofali lilipanda juu zaidi. "Taja kitu ambacho muzimu haujui!"

"Sukari ilikuwa imebaki vijiko viwili. Sikumaliza."

Mama Musoki aliinuka polepole, udongo wa matofali umemganda nyuma. Alimkaribia mwanawe, akamgusa shavu kwa kidole, akakiangalia kidole.

"Huu ni unga," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Unga wangu. Ule nilioacha jikoni."

"Ndiyo, mama."

Alikuwa amebakiwa na sandali moja. Aliivua. Alimpiga nayo mabegani, mgongoni, kila pigo linatoa moshi mweupe, na kila pigo na neno lake: "Nime! Kulilia! Mbele! Ya mama wa watu!" Halafu sandali ikamdondoka, akamkumbatia, akamkaza, na tulipomwona uso tena ulikuwa mweupe kama wa mwanawe, na mistari miwili ya machozi.

Mimi nilikuwa shingoni kwa mama yangu. Alikuwa ananukia jasho na udongo. Alinipapasa kichwa, mgongo, mikono, kama anahesabu kama nimetimia.

"Mukono ulinitoka," nilimwambia.

"Nilijua utakuja hapa. Nilimwambia huyu mama, mutoto wangu atakuja hapa."

Ndipo tulianza kucheka. Sijui nani alianza. Tulicheka mpaka mama akakaa chini na kuomba maji. Lakini kicheko chake kiliisha kabla ya chetu, akamwangalia Katsuva kwa muda mrefu, na Katsuva akapiga magoti kwenye matope.

"Mama Françoise, leo nimekuonesha baba Constant mara ya pili. Sikufikiri. Nisamehe."

"Sijakusamehe."

"Ndiyo, mama."

"Nimefurahi tu kwa sababu iko muzima. Ni vitu viwili, usivichanganye." Alivuta pumzi. "Hao watu wako wa bomu. Niambie. Walikuwa wengi?"

"Mji muzima, mama. Na siku tatu nyuma yake, mji mwingine. Akina mama, watoto, watu waliokuwa wanaenda sokoni."

"Na jiwe lilitoka kwetu."

"Lilitoka kwetu. Na wazee wetu waliolichimba, hata majina yao hatuna."

"Waliwakalia matanga?"

Katsuva aliinua kichwa. "Kwao nafikiri ndiyo. Lakini siye, hapana. Hakuna hata siku moja hapa Bunia mutu amekaa chini kwa ajili yao."

"Basi mungekaa! Nani aliwaambia mulale? Mutu aliyekufa njo analala. Aliye muzima anakaa, anatandika mukeka, anawasha moto, watu wanakuja wanauliza nani amekufa, unawaambia. Si njo unachotaka, watu waulize?"

"Lakini, mama, polisi. Mikutano imekatazwa. Kuandamana, kufanya manifestasyo, kumekatazwa..."

"Na matanga?" Mama alisimama, akajipangusa kitenge. "Toka wazungu mpaka leo, umesikia serikali gani ilikataza matanga?"

Nilimwona Katsuva akimwangalia mama yangu kama alivyokuwa akiangalia redio iliyopona ghafla. Mama aligeuka upande, na aliposema tena alikuwa anaongea na mto.

"Constant alikuwa na kichwa kama hiki. Kigumu vile. Haya, twendeni, ninasikia njaa."

Njiani Mama Musoki, peku, alimkamata mama mkono.

"Dada, ile habari ya kuni. Ulisema zote za Mudzipela."

"Ilikuwa kilio. Maneno ya kilio hayahesabiki."

"Mbele ya Mungu ulisema."

"Mungu alikuwa anajua ni kilio."

Na mimi, ambaye moyo wangu ulikuwa umeanza kuruka, niliusikia ukikaa tena chini.

Siku mbili zilizofuata Katsuva alizunguka mji mzima na uso ulioshwa. Aliomba radhi parokiani, sokoni, kwa madereva wa Mahagi, mlango kwa mlango. Na kila alipoomba radhi alisema: Jumatano, siku ya mji wa pili, tutatandika mikeka. Aliyembeba kwenye pikipiki alikuwa Bruno. "Simubebi kwa mapenzi," Bruno aliniambia. "Nachunga tu asilale tena."

Jumatano asubuhi mama alitoka na mkeka niliokuwa nikiuona umeviringwa juu ya kabati toka utoto wangu. Hakuna aliyeruhusiwa kuugusa. Alikuwa ameununua tuliporudi kutoka ukimbizini, kwa ajili ya matanga ya baba, na kila mwaka alisema mwaka huu, na kila mwaka haikuwa. Aliubeba mwenyewe hadi kando ya bulvari, akaufungua, akaukalia, akanyoosha miguu.

Tulikuwa wachache mwanzoni, wenzake Katsuva, mama, Mama Musoki na mimi. Lakini huwezi kupita matanga bila kusimama. Mwuza samaki alisimama, yuleyule aliyeuliza bei ya bomu. "Nani amekufa?" Mama alimwambia. Alisikiliza mpaka mwisho, akaweka beseni chini, akakaa. Mwingine akaleta makaa, mwingine sukari, kama inavyopasa. Kufika saa sita mikeka ilikuwa imefika mbali kando ya njia, na nyuma ya bango la Katsuva, ambalo sasa watu walilisoma, akina mama walikuwa wameanza kutaja na wafu wao wenyewe. Mmoja alisema jina, wengine wakaitika "pole", mwingine akasema lake. Majina ya Mudzipela na majina ya upande wa pili wa vita, kwenye mkeka mmoja. Mama aliposema "Constant", sauti haikumtetemeka. Mimi ndiye niliyelia.

Polisi walikuja, bila shaka. Komanda wao alishuka na uso wa kazi.

"Nani alitoa ruhusa ya mukutano huu?"

"Hatuna mukutano, baba," mama alijibu bila kuinuka. "Tuna matanga."

"Matanga ya nani?"

"Ya watu wengi. Kaa, utaelezwa."

Katsuva alikuwa amesimama, ameshikilia mikono yake wazi mbele, tayari kuchukuliwa. Komanda aliangalia bango, akaangalia mikeka, akaangalia akina mama ambao hakuna aliyesogea. Kati yao alimwona mmoja, nafikiri wa ukoo wake, maana alishusha macho upesi. Alivua kofia. Alisimama nayo kifuani muda wa kusali Baba Yetu.

"Poleni, akina mama," alisema. "Musizibe njia ya magari." Wakaondoka.

Hakuna aliyepiga vigelegele, ilikuwa matanga. Lakini pumzi zilizotoka pale zingeweza kuwasha moto.

Nao moto ulikuwa unazimika. Makaa yalikuwa yamekuwa majivu, na gogo la mkaratusi lililoletwa na Bruno lilikuwa pembeni, zima. Wenzake Katsuva waliliangalia wakaangaliana. Yeye mwenyewe aliangalia upande mwingine kabisa. Somo la mwaka uliopita alikuwa amelishika.

"Katsuva," mama aliita.

"Mama."

"Unangoja kuni zijipasue zenyewe?"

Mazungumzo yalikatika kwenye mkeka wetu, na kwenye ule wa ndugu zangu. Wote wa ukoo walielewa. Mama Musoki, Mnande wa Butembo, ambaye hakufundishwa na mtu desturi yetu, alielewa pia, maana alijifunika uso kwa kitenge. Katsuva alibaki amesimama.

"Mama, kuni za hapa..."

"Najua kuni za hapa zinapasuliwa na nani. Mimi njo nilikwambia."

Bruno aliinuka. Alitoa shoka nyuma ya pikipiki, akamletea, mpini mbele.

"Shika, shemeji," alisema. "Na usijipake kitu."

Katsuva alivua koti lake. Alilitafutia mahali pa kuliweka, hakuona, akaja akaniwekea mapajani, mbele ya mama, mbele ya wote, na vidole vyake vilipogusa vyangu havikuwa na haraka ya kuondoka. Halafu akaenda kwenye gogo, akainua shoka juu, akashusha kwa nguvu zake zote.

Akalikosa. Shoka lilizama ardhini.

"Watu wa duka," alisema mama pembeni yangu, na nikamsikia anacheka.